Dirisha moja, majira yote ya baridi: uzi wa wanaotazama ndege, wanyama na miti wakiwa nyumbani

#1 · Dirishani (mleta uzi)

Wakuu, habari za baridi.

Kila mwaka theluji ikianguka nasikia maneno yaleyale: nje hakuna tena cha kutazama, ndege wamehama, wanyama wamelala, tungoje miti ichipue. Nimekaa dirishani kwangu majira kadhaa ya baridi na nina hakika kwamba wanaosema hivyo wanaukosa wakati mzuri kuliko wote. Naweka niliyoyaona, nanyi ongezeni ya kwenu. Uzi ni mrefu, tafuteni pa kukaa.

Kwanza, majani hayapo. Viota ulivyopita chini yake majira yote ya joto bila kuvijua sasa viko peupe. Lile furushi la majani makavu lililobanwa kwenye panda ya matawi, juu kabisa, ni nyumba ya kindi. Kindi wa kijivu halali msimu mzima kama wengi wanavyodhani. Siku za baridi kali hujifungia humo ndani, na jua likitoka utamwona chini akifukua mbegu za mwaloni alizozika mwenyewe.

Lakini kinachonishika zaidi ni hiki: kila kiumbe kilichobaki nje kina swali moja tu, asubuhi nitafikaje? Mwanga ni wa saa chache, usiku ni mrefu, chakula ni haba. Ukilishika swali hilo, mambo uliyokuwa unayaona kama vituko yanaanza kueleweka, moja baada ya jingine.

Mchukue chikadii mwenye kofia nyeusi, ndege wa Amerika Kaskazini ambaye uzito wake ni gramu 10 na ushei. Mchana kutwa anakula ajiwekee mafuta, usiku anayachoma kwa kutetemeka. Baridi ikizidi anashusha joto la mwili wake nyuzi 10 hadi 12 chini ya lile la mchana, kama mtu anayepunguza moto ili kuni zifike alfajiri. Kukicha mafuta yamekwisha na kazi inaanza upya. Mbegu anazozipata huzificha moja hapa moja pale, kwenye nyufa za magome, mamia kwa mamia, na huzirudia kwa kumbukumbu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: tazama nusu saa ya kwanza ya mwanga, kisha saa ya mwisho kabla ya giza. Hapo ndipo wanakula kwa pupa. Na uwe na daftari. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, nani amekuja na amefanya nini. Hilo la "amefanya nini" ndilo utakalolishukuru mwaka ujao, kwa sababu majina ya ndege yako vitabuni, lakini alichokifanya dirishani kwako hakiko popote.

#2 · Mfuata nyayo

Mleta uzi, asante sana. Naomba kuuliza. Mimi huona ndege wamevimba kama mpira tawini asubuhi. Ni wagonjwa? Na ile miguu mitupu juu ya barafu, mbona haigandi?

#3 · Dirishani

Mkuu, wengi wao ni wazima. Manyoya yakisimama hukamata hewa katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Ndege anajifunika blanketi aliyo nayo mwilini. Mgonjwa utamjua kwa mengine: amevimba hata jua likiwaka, macho nusu yamefumba, wenzake wakiruka yeye habanduki kwenye chakula.

Miguu ina siri nzuri sana. Mshipa unaoshusha damu ya moto umepita ubavuni kabisa mwa mishipa inayopandisha damu ya baridi. Joto linahama njiani, kutoka damu inayoshuka kwenda kwa inayopanda, kabla halijafika vidoleni. Mguu unabaki juu kidogo tu ya kiwango cha kuganda, na kwa kuwa una joto dogo, una joto dogo la kupoteza. Tena huko chini hakuna nyama nyingi, ni kano na mifupa. Ukimwona amesimama kwa mguu mmoja, wa pili ameuficha manyoyani, ujue anapunguza hasara kwa nusu.

Wengine hubanana. Kuna ndege wa gramu 5 au 6 mwenye utosi wa dhahabu. Mwanabiolojia Bernd Heinrich aliwafuatilia katika misitu ya Maine, Marekani, akitaka kujua kiumbe kidogo namna ile kinaumalizaje usiku wa theluji. Aliwakuta wamelala tawini wamegandamana, vichwa ndani, mikia nje. Tangu nilipojua hilo, jioni ya baridi sipiti chini ya mti wenye majani ya sindano bila kuinua macho.

#4 · Mzee wa bustani

Wanangu, mnatazama juu tu. Tazameni na chini.

Theluji ikianguka usiku, toka asubuhi na mapema kabla mtu hajapita. Ndiyo saa ya kusoma. Jambo la kwanza linalowakosesha wengi: sungura na kindi wanaporuka, miguu ya nyuma hutua mbele ya ile ya mbele. Alama mbili kubwa ndizo zinazoonyesha anakoelekea. Nimeona watu wazima wakimfuata sungura kinyumenyume hadi alikotoka. Kumtofautisha na kindi, tazama alama mbili ndogo: za kindi zimekaa karibu sambamba, za sungura moja iko nyuma ya nyingine. Na njia ya kindi huanzia kwenye mti ikaishia kwenye mti.

Mbweha huenda mstari mmoja, mguu wa nyuma ukikanyaga palepale ulipokanyaga wa mbele. Hapotezi nguvu. Mbwa wa nyumbani, ambaye chakula chake kinamngoja, huzunguka, hurudi, hukimbia bure. Hizo ni nyayo za mnyama asiye na deni na asubuhi. Paka naye hukanyaga kama mbweha, ila alama za kucha huzioni.

Sasa kuna maisha mengine chini ya theluji yenyewe. Ikifika kina cha sentimita 15 hadi 20, ardhi iliyo chini yake hukaa karibu na nyuzi 0 hata kama juu ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Panya wa shambani na kirukanjia wanapita humo kwenye vichochoro vyao majira yote, wanakula, wanalala. Ukiona tundu la upana wa vidole viwili katikati ya theluji safi, ni mlango. Theluji ikiyeyuka utaiona mifereji yao juu ya nyasi kama ramani ya mji.

Mbweha anawasikia. Anasimama, anainamisha kichwa upande huu, upande ule, kisha anaruka juu na kutumbukia kwa pua. Mwaka 2011 watafiti wa Jamhuri ya Czech walichapisha kwamba mbweha waliowachunguza walipendelea kuruka kuelekea kaskazini mashariki, na wakiruka upande huo hufanikiwa zaidi. Walipendekeza kuwa huenda anautumia usumaku wa dunia kupima umbali wa mawindo asiyoyaona. Mimi sasa nikikuta shimo la mruko wa mbweha hutoa dira.

Na mara moja moja utakuta nyayo za panya zimekatika ghafla, na kila upande alama ya mbawa, manyoya yamejichora kwenye theluji kama yamepigwa chapa. Ni bundi, au mwewe kama ilikuwa mchana. Nimeliona hilo mara mbili maishani mwangu, na mara zote mbili nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi.

#5 · Ghorofa ya nne

Nawasoma kwa wivu. Mimi sina bustani. Dirisha langu linatazama maegesho ya magari na miti mitatu. Theluji nayo ni ya siku mbili tatu, nyingine ni jalidi na matope. Kuna cha kuona kweli?

#6 · Dirishani

Dada au kaka yangu, miti mitatu ni mingi. Na matope yanahifadhi nyayo vizuri kuliko theluji ya unga.

Anza na tawi lililo karibu nawe. Yale matumba kwenye ncha si kazi ya majira ya kuchipua. Mti uliyatengeneza majira ya joto yaliyopita, ukayafunga kwa magamba, na majani ya mwaka ujao yamekunjwa humo ndani tayari. Mwaloni hukusanya matumba kadhaa kwenye ncha moja. Ukilijua hilo unautambua bila jani hata moja. Chini ya kila tumba kuna kovu la jani lililoanguka, na ukilitazama kwa lenzi utaona vidoti ambamo mishipa ya maji ilipita. Kila aina ya mti ina kovu lake. Mimi nilijifunza miti ya mtaa wangu kwa makovu, na nakwambia yalinifundisha vizuri kuliko majani.

Halafu tazama anga jioni. Kunguru majira ya baridi hukusanyika kulala pamoja, na mara nyingi huchagua mji kwa kuwa una joto kidogo na taa za kumwona bundi anayewawinda. Andika saa ya kundi la kwanza kupita na upande linakoelekea. Baada ya wiki tatu utaona saa hiyo inafuata machweo. Kama kwako kuna kwezi, hao usiwakose. Maelfu wanageuka angani kama kitambaa kimoja kabla ya kutua, na hakuna kiongozi. Utafiti uliofanywa Roma na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kila ndege anawafuata majirani zake sita au saba tu, awe nao karibu au mbali. Kundi zima linatokana na hapo.

Na uwaandike pia wasiokuwepo. Mbayuwayu aliyekuwa akipita dirishani kwako hakukimbia ubaridi peke yake. Wadudu warukao wamekwisha, naye hali kingine. Wale wa Ulaya wakati huu wako Afrika, wengine wamefika hadi Afrika Kusini.

#7 · Chiriku mpya

Nataka kuanza kuwalisha ndege ili waje karibu. Nianzeje bila kuwadhuru?

#8 · Dirishani

Swali hili nalipenda kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu hapa nia njema inaua.

Chakula chenyewe ni chepesi: mbegu za alizeti, karanga zisizo na chumvi, na mafuta magumu ya mnyama yasiyo na chumvi. Mkate unajaza tumbo lakini haumpi yale mafuta ya kuvushia usiku. Chochote kilichoota ukungu, tupa.

Usafi ndio unaosahaulika. Tangu mwaka 2005 huko Uingereza ugonjwa wa trikomonasi umewaua chiriku wa kijani kwa wingi mno, hadi idadi yao ikaporomoka. Vimelea vyake hupita kwa mate, kwenye chakula na maji ya pamoja. Ndege wanaokula mbalimbali porini wewe umewakusanya kwenye sahani moja, basi deni la usafi ni lako. Osha chombo angalau kila wiki, suuza, kiache kikauke kabisa ndipo ujaze tena. Ukiona ndege mgonjwa, ondoa chakula chote kwa wiki mbili hivi ili watawanyike. Usione huruma ya kuwaacha na njaa. Hata chombo kikiwepo, sehemu kubwa ya chakula chao huitafuta wenyewe.

Kisha kioo. Chombo changu cha kwanza nilikitundika mita tatu hivi kutoka dirishani, nikiona ndipo nitakapowaona vizuri. Asubuhi moja kipanga alipita, ndege wakaruka pande zote, mmoja akapiga kioo. Nilimwokota bado ana joto. Hakuwa na jeraha, shingo tu. Mafuta aliyoyavusha usiku ule wote yaliishia mkononi mwangu. Baadaye nilijifunza kwamba umbali ule ndio mbaya: ama weka chombo chini ya mita 1 kutoka kwenye kioo, ndege asipate nafasi ya kushika kasi, ama kipeleke mbali, zaidi ya mita 9. Na bandika alama upande wa nje wa kioo, ziachane sentimita 5 tu. Picha moja ya mwewe katikati ya dirisha haisaidii. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yanasema majengo ya Marekani peke yake huua ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 kwa mwaka.

Maji nayo ni muhimu kama chakula, hasa kila kitu kikiganda. Sahani ya kina kifupi, ubadilishe maji asubuhi. Usitie chumvi wala dawa ya kuzuia kuganda. Paka akae ndani alfajiri na jioni.

La mwisho, na hili halimhusu mlishaji peke yake. Majira ya baridi kila unapomstua kiumbe, umemchomea mafuta. Usimsogelee bundi aliyelala mchana ili upate picha. Usifukue rundo la majani kutafuta kalunguyeye. Joto la mwili wake limeshuka hadi karibu nyuzi 5, na kumwamsha kunamgharimu akiba ya siku nyingi. Popo vilevile. Kuna ugonjwa wa ukungu wa pua nyeupe ulioonekana kwanza jimbo la New York mwaka 2006, na umeua popo kwa mamilioni Amerika Kaskazini. Namna unavyowaua inahuzunisha: unawaamsha mara kwa mara katikati ya usingizi wao hadi mafuta yanakwisha kabla wadudu hawajarudi. Sitaki kuwa na kazi moja na ukungu huo.

#9 · Mabua makavu

Nimefurahi kusoma #8. Naongeza wadudu, maana watu hudhani wamekwisha wote.

Msikate mabua makavu ya bustani. Kwenye mashina ya goldenrodi, ule mmea wa maua ya njano wa Amerika Kaskazini, utakuta uvimbe wa mviringo kama gololi kubwa. Ndani yake amelala buu wa inzi mmoja, na huyo buu huganda, mwili wake unakuwa na barafu, na majira ya kuchipua yakifika anatoka mzima. Ukikuta uvimbe umetobolewa tundu, mara nyingi ni chikadii au kigong'ota aliyepata kiamsha kinywa. Tazameni asubuhi, mtawaona wamening'inia kwenye bua.

Chini ya majani mliyokuwa mkiyafagia kuna vipepeo waliofunga mbawa, kuna malkia wa manyigu, na huko Amerika Kaskazini kuna chura wa msituni ambaye moyo wake husimama kabisa majira ya baridi. Zaidi ya nusu ya maji ya mwili wake hugeuka barafu, na sukari nyingi aliyojaza kwenye seli huzilinda zisipasuke. Nami nimeacha kufagia. Majani yakae.

Nyuki wa mzingani ni kinyume chake, hao hawagandi wala hawalali. Wanajikusanya kuwa mpira, wanatetemesha misuli ya mbawa bila kuruka, na asali ndiyo kuni zao. Ukiweka sikio kwenye mzinga utawasikia. Lakini usigonge.

#10 · Lenzi ndogo

Kuna cha kutazama hata siku ambayo hakuna kiumbe kinachotoka: theluji yenyewe inapoanguka.

Chukua kitambaa cheusi, kiache nje kipoe kabisa, kisha kikinge angani. Tazama kwa lenzi na uzuie pumzi, maana pumzi moja inaifuta kazi yote. Chembe zina pande sita, kwa kuwa molekuli za maji zikiganda hujipanga hivyo. Zile zenye matawi mengi kama nyota huja baridi ikiwa nyuzi 15 hivi chini ya sifuri huko mawinguni. Nyingine ni sindano, nyingine vigae vya pembe sita. Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, Marekani, alipiga picha yake ya kwanza ya chembe ya theluji Januari 1885 akiwa na miaka 19, na hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa na picha zaidi ya 5,000. Zote alizipiga hapohapo nyumbani kwao.

#11 · Mfuata nyayo

Haya madaftari yetu yana faida kwa wengine au ni ya kwetu tu?

#12 · Dirishani

Yana faida kubwa. Sikukuu ya Krismasi mwaka 1900, Frank Chapman, mtaalamu wa ndege wa Marekani, aliwaalika watu wahesabu ndege badala ya kwenda kuwapiga risasi kama ilivyokuwa desturi. Walijitokeza 27. Hesabu hiyo inaendelea hadi leo. Uingereza kuna ya saa moja mwishoni mwa Januari, ilianza 1979, na ni ya dirishani hasa. Ya Februari ya siku nne iko wazi kwa mtu yeyote duniani. Kuporomoka kwa ndege wengi wa kawaida kumeonekana kwa sababu watu walikaa saa moja wakahesabu waliowaona, na wakaandika hata siku walipoona wachache.

#13 · Ghorofa ya nne

Nimerudi. Jana na leo nimekaa dirishani alfajiri. Kuna ndege mmoja anaimba kwenye mti wa katikati, kifua chekundu, giza bado, chini ya taa ya barabarani. Si mapema mno kuimba?

#14 · Dirishani

Huyo ni robini wa Ulaya, na hongera. Wengi hunyamaza majira ya baridi, yeye haachi, kwa sababu kila mmoja analinda kieneo chake cha chakula. Jike naye huimba, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wengi wa huko. Taa ya barabarani humfanya aanze kabla ya mwanga. Siku fupi kuliko zote imeshapita, mwanga unaongezeka dakika kwa dakika, na wiki chache zijazo utawasikia wengine wakijiunga mmoja mmoja. Andika tarehe ya kila mmoja anapoanza.

Ya kwangu ya leo, nanakili kama ilivyo daftarini: *Saa 1:40 asubuhi, theluji mpya kidogo, hakuna upepo. Nyayo za mbweha kutoka uani hadi rundo la majani. Amesimama hapo, theluji imeyeyuka kidogo chini ya miguu yake, kisha amegeuka akaondoka bila kufukua. Rundo liko salama. Sijui kalunguyeye yumo au hayumo, na sitaangalia.*

Mzee wa bustani, alisimama akitazama kaskazini mashariki.